Ubao Umepita, Vigae Vimefeli

Saa tatu asubuhi, chai imekwisha na mchele bado haujabandikwa. Mogesi Rubeni ameinamia meza ya vigae vyeupe, mkononi ameshika mswaki wa meno uliochakaa, anasugua mistari ya simenti iliyo kati ya kigae na kigae. Anasugua mmoja, anautazama, anaurudia. Hajui kama umetakata.

"Nasugua nini sasa?" anauliza bila kuinua kichwa. "Mimi hapa sioni kitu. Ni kama kumfukuza mwizi ambaye hujamwona."

Kesho Ijumaa, afisa afya anarudi kuipima meza hiyo. Ikifeli tena, banda la chakula ambalo mama huyu wa miaka arobaini na saba ameliendesha mjini Mugumu kwa miaka kumi na moja litafungwa mpaka apate meza nyingine. Kwa siku anauza sahani arobaini hivi, kila moja shilingi elfu mbili na mia tano, na hizo ndizo zinazolisha nyumba yake. Hofu anayo na haifichi, ila kutoelewa ndiko kunakomkosesha usingizi.

Alipofungua banda, mama yake alimletea kutoka kijijini kwao Kenyamonta ubao wa mninga wa kukatia nyama, mpana na mzito. Akamwagiza autunze kama kibuyu cha maziwa. Na kwao kibuyu hakisuuzwi tu kikaachwa: kinamwagiwa maji ya moto, kinasuguliwa ndani kwa kijinga cha moto mpaka kinukie moshi, kisha kinaanikwa.

Mogesi alifuata. Kila siku wateja wa mchana wakishapungua, aliumwagia ubao maji yanayochemka, akausugua kwa majivu na kuuegesha juani mpaka jioni. Hakuna aliyemweleza kwa nini. Ndivyo alivyoona nyumbani, basi.

Mwaka jana banda lilikaguliwa. Akaambiwa mbao haziruhusiwi kwenye chakula cha biashara, atafute meza isiyofyonza maji. Akavunja kibubu chake cha miaka miwili na kumwita Athumani, fundi vigae, ambaye alimjengea meza kwa siku tatu.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mogesi aliipenda meza ile kupita kiasi. Wateja waliipiga picha, na mama lishe wenzake walipita kuchungulia wakijidai wanaomba chumvi.

"Nikasema sasa nimepumzika na mambo ya kuchemsha maji," anasimulia. "Vigae vinang'aa, utavichemshia nini? Nikawa napitisha kitambaa."

Shida ikaja kwenye nyama. Juu ya vigae kisu kiliteleza na kuisha makali, hivyo akaurudisha ubao kimyakimya, pamoja na maji yake ya moto na jua. Nyama alikatia hapo, na wakaguzi wakionekana mbali, ubao ulikimbilia nyuma ya gunia la mkaa.

Wiki tatu zilizopita ubao ulichelewa kukimbia. Afisa afya, Rahima, dada mpole ambaye hajafikisha miaka thelathini, aliuona na hakugomba. Alitoa vijiti vyenye pamba, akapangusa ubao, akapangusa na vigae, akapeleka maabara. Alitaka mama aone kwa macho yake jinsi mbao zinavyofuga uchafu.

Majibu yalirudi kinyume. Kwenye ubao bakteria walikuwa wachache, ndani ya kiwango. Kwenye vigae walijaa, hasa kwenye ile mistari ya simenti, wakiwemo wale wanaotoka kwenye kinyesi.

"Nilimwambia asome tena," anasema Mogesi. "Akasoma tena. Nikamwambia, bibi afya, umechanganya vijiti."

Rahima anakiri kwamba hata yeye alidhani hivyo. Alirudia kipimo. Majibu yakawa yaleyale.

Tangu siku hiyo kila anayekula bandani amegeuka mtaalamu. Akili ni nywele. Mmoja anamwambia amwage zege, mwingine aweke plastiki, wa tatu anataka jiwe la marumaru kama la hoteli za watalii. Mogesi anawasikiliza wote, na kila anayenyanyuka anamwacha amechanganyikiwa zaidi ya aliyetangulia.

Athumani mwenyewe yupo, anamalizia chapati, na amenuna. "Vigae vyangu havina kosa, mama. Kigae hakifyonzi kitu. Inayofyonza ni hiyo simenti ya kwenye maungio."

"Na simenti aliiweka nani, fundi?"

"Sasa ningevishikisha na nini?"

Mogesi anacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi hii, kisha anarudi kwenye mswaki.

Juzi Rahima alipita kumpa ushauri. Alisalimia, shikamoo mama, kisha akaomba kuona kitambaa. Kilikuwa kinaning'inia chini ya meza, kibichi. Ndicho kilichopangusa utumbo wa ng'ombe, sufuria na vigae, siku nzima, kikisuuzwa kwenye beseni moja.

"Ulikuwa unawapaka bakteria mezani, mama," Rahima alimwambia. "Unawatoa kwenye nyama, unawapeleka kwenye maungio. Pale pana unyevu na hapaoni jua. Ubao wako ulikuwa unaungua kwa maji ya moto kila siku na kukauka kabisa. Kwenye ukavu hawaishi sana."

"Basi nirudi kwenye ubao?"

"Hapana. Mbao haziruhusiwi."

"Mwanangu, hebu nieleweshe. Aliyefaulu mnamfukuza, aliyefeli ndiye mnayemtaka?"

Rahima anasema aliona swali ni la haki. Kisha akamjibu: "Ubao umefaulu kwa sababu yako. Ukipasuka, au akija mwingine asiyechemsha maji, bakteria watajificha kwenye nyufa na hutawatoa. Sheria haikujui wewe, inabidi itufae wote."

Mogesi aliitikia kwa kichwa. Alipobaki peke yake akagundua hajaelewa vizuri kama amesifiwa au amekaripiwa.

Sasa ana vitambaa vitatu: cha nyama, cha vyombo na cha meza. Vyote vinachemshwa. Meza inapata maji ya moto mara mbili kwa siku, halafu dawa ya madoa iliyozimuliwa kama alivyoelekezwa, halafu inaachwa ikauke kabla chochote hakijawekwa juu. Mikono imeanza kumchubuka.

Akivuka kesho, ana mpango. Kuna fundi Tarime anayeuza meza za chuma kisichoshika kutu, kile cha masinki, bamba moja lisilo na maungio hata moja. Anaanza upya kuweka akiba, na anataka aipate kabla ya mwaka kwisha. Rahima amemwambia chuma hicho ni rahisi kusafisha kuliko vyote.

Anamimina birika juu ya vigae. Mvuke unapanda, na Athumani anarudisha kiti nyuma.

"Nitainunua hiyo ya chuma," anasema Mogesi. "Nitainunua na nitaiosha kila siku. Lakini kuiamini, hapana. Meza ya mwisho niliyoiamini ndiyo hii."