Tiketi ya Jumatano ya Mwisho

Tiketi rahisi kuliko zote ilikuwa ya Jumatano, na Jumatano yenyewe ilikuwa ya mwisho katika Mfunguo Tano. Mimi niliona nauli tu. Kalenda ya Kiislamu ilikuwa inaning'inia ukutani nyuma ya kichwa changu, zawadi ya duka la vitambaa, na sikugeuka kuitazama.

Nilikuwa na wiki tatu nikiwinda nauli. Binti yangu alikuwa amepata nafasi ya chuo Malaysia kusomea misitu, na ufadhili wake ulilipa ada na bweni. Kufika huko ilikuwa juu yetu. Chuo kiliandika wazi kwamba asiyefika kujisajili mpaka Ijumaa ya wiki ya kwanza nafasi yake atapewa mwingine. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nimewafundisha watoto wa watu ramani ya dunia kwa miaka mingi, na nilijiona sihitaji wakala wa kunikatia tiketi. Wakala ni wa watu wasiojua India iko wapi, nilisema, tena kwa sauti, mbele ya walimu wenzangu wakati wa chai.

Basi nikagundua kitu nilichokiita siri. Tiketi moja ya kutoka Dar es Salaam mpaka Malaysia ilikuwa ghali. Lakini ukikata ya kwanza mpaka India kwa shirika moja, halafu ya pili kutoka India kwenda Malaysia kwa shirika jingine, zote mbili kwa pamoja zilikuwa chini sana ya ile moja. Siku za katikati ya wiki zilishuka zaidi. Nikazikata hapo hapo kwenye simu. Masharti yalisema hazirudishiwi fedha, na anayetaka kubadili siku anapigwa faini. Sikujali, nani abadili? Nilitembea kifua mbele kutoka shuleni mpaka nyumbani Usagara, hapa hapa Tanga mjini.

Mama yangu anaishi Ushongo, ng'ambo ya Pangani, na yeye ndiye aliyemlea binti yangu. Zamani nilipokuwa nafundisha milimani Amani, mtoto alibanwa na kifua kwa ile baridi na ukungu, nikampeleka pwani kwa bibi yake akae miezi mitatu. Akakaa mpaka alipomaliza darasa la saba. Wawili hawa huitana mke mwenza, kama mabibi na wajukuu wa kike wa kwetu wanavyotaniana, na mume wanayemgombania ni marehemu baba yangu.

Jumamosi nilimpelekea habari, nikiwa na binti yangu. Tulimkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, n'ambie. Mke mwenzangu anaondoka lini?"

Nikamtajia siku. Mkono ukasimama juu ya nazi. Akahesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza, akarudia kuhesabu tena kwa mkono wa pili.

"Hiyo ndiyo Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano," akasema. "Hasafiri."

Mfunguo Tano ndio mwezi wa Safar, na wazee wa pwani yetu wanaihofu Jumatano yake ya mwisho. Siku hiyo hakufungwi ndoa, hakuhamwi nyumba wala hakuanzwi safari. Watu hushuka baharini wakaoga na kumwomba Mungu awaepushe na balaa. Mashehe wengi wa leo wanasema mambo hayo hayamo katika dini, nami nikamwambia mama hivyo hivyo, kwa ile lugha yangu ya darasani.

"Huyo shehe wako ndiye aliyemlea huyu mtoto?"

"Mama, tiketi haibadilishiki. Ukibadili unalipa faini kubwa, na hizo ndege nyingine zenye nafasi zitamfikisha baada ya Ijumaa."

"Basi tiketi na isafiri yenyewe."

Nilikasirika, sifichi. Nilisema maneno kuhusu ujinga ambayo mtu hamwambii mama yake, na nusu ya maneno hayo niliyameza baada ya kuwa yameshatoka. Mama alirudi kwenye nazi yake. Binti yangu ndiye aliyeniangusha.

"Mama, mimi siendi bila radhi ya bibi," akasema. "Nisamehe. Siwezi kwenda mbali vile huku moyo wake hauko nami."

Njia nzima ya kurudi Tanga nilikuwa nahesabu mambo mengi kichwani na kila hesabu ilikuwa inakataa. Mtoto alikuwa amesoma miaka yote kwa ajili ya barua ile ya chuo, na sasa itaozea kabatini kwa sababu ya mwezi na vidole vya bibi yake. Wiki ile nilifundisha vibaya. Kidato cha tatu niliwapa zoezi la kuchora mito ya Afrika mara mbili, na hawakuninong'onezea kwamba walishaichora.

Ijumaa baada ya swala mama akanipigia simu. Huwa hanipigii yeye. Hunibipu nimpigie mimi. Nikajua kuna neno.

"Nikuulize weye mwalimu. Safari ya mtu huanzia wapi?"

"Uwanja wa ndege, mama."

"Nani kakwambia? Safari huanzia mlangoni. Baba yangu alipokuwa na shughuli Zanzibar na siku ya chombo si njema, alitoka nyumbani siku njema, akaenda kulala kwa nduguye huko Pangani. Siku ya chombo ikimkuta, inamkuta yumo safarini zamani. Mke mwenzangu atatoka kwangu Jumatatu. Jumatatu alizaliwa Mtume. Akishavuka kizingiti, harudi ndani ya nyumba, yangu wala yako. Hiyo Jumatano itamkuta njiani, na haina la kumfanya."

Nilitaka kucheka na nilitaka kubishana. Jumatatu maana yake ni siku mbili zaidi Dar es Salaam, ruhusa zaidi kwa mkuu wa shule, na mdogo wangu wa huko tumgande siku mbili kwenye vyumba vyake viwili. Lakini binti yangu alikuwa amesimama mbele yangu anasikiliza, na uso wake ulikuwa umefunguka. Nikasema, "Sawa, mama. Ahsante." Nadhani ndiyo ahsante ya kwanza niliyompa mwaka ule.

Jumapili tukalala Ushongo. Jumatatu asubuhi mama alifukiza ubani, akasimama mlangoni kwenye kigoda ili awe mrefu, akainua msahafu kwa mikono miwili, na binti yangu akapita chini yake akienda nje. Hakugeuka nyuma, maana alikatazwa. Mimi niligeuka. Mama alikuwa bado juu ya kigoda, mikono bado juu, kama vile kuna mtu mwingine wa kupita. Kisha akashuka akatuletea kifurushi cha ng'onda, papa mkavu aliyefungwa kwa magazeti na kamba, harufu yake inakutangulia hatua kumi.

Begi kubwa lilikuwa Usagara, hivyo ilibidi tupitie nyumbani kulichukua kabla ya basi. Hapo ndipo tulipogundua maana ya amri ya mama. Binti yangu hakuweza kuingia kwao. Alikaa barazani kwa jirani, mimi ndani natafuta chaja, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na picha za pasipoti, yeye ananielekeza kwa kupiga kelele kupitia dirishani. "Droo ya chini, mama! Si hiyo, ile yenye kitasa!" Jirani akauliza kama tumegombana. Nikamwambia mtoto yuko safarini. Akamtazama pale barazani kwake anakunywa maji, akatikisa kichwa, akarudi kwenye maandazi yake.

Jumanne asubuhi, Dar es Salaam, hatukuwa na la kufanya. Ndege ilikuwa kesho yake jioni. Mdogo wangu alikwenda kazini, na ng'onda walikuwa wameshaanza kuwasumbua watu wa nyumba ile. Nikasema twende tukaulize kama kifurushi hiki kinaruhusiwa na kilo zetu ni ngapi. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyonipeleka kwa wakala wa tiketi, mimi niliyekuwa nawacheka wateja wao. Tulikwenda kwenye kiofisi kimoja mjini, dada mmoja wa makamo amekaa nyuma ya kompyuta, miwani imeshuka puani.

Alizipokea karatasi zangu mbili. Akazisoma. Akazipanga upande kwa upande, akazisoma tena.

"Mama, hizi umekata mwenyewe?"

"Ndiyo," nikasema, bado nikiwa na fahari kidogo.

"Ni tiketi mbili zisizojuana. Begi litaishia India. Binti itabidi atoke nje alichukue, aende akalikabidhi upya kwa shirika la pili. Kutoka nje kunataka viza ya India. Anayo?"

Hakuwa nayo. Hatukuwahi hata kuiwaza.

"Basi kesho hata hapa Dar hawatampandisha," akasema. "Watamuuliza viza palepale kaunta. Na viza hiyo hamuwezi kuipata kwa siku moja."

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Aliposema hawatampandisha, kitu cha kwanza kilichonipita moyoni kilikuwa furaha. Kilidumu muda mfupi tu, lakini nilikijua ni furaha: atabaki, tutarudi naye nyumbani, nitamsikia tena akifungua jokofu. Kisha nikamwona binti yangu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole vyote kumi. Nikaona aibu iliyoniwakia hadi masikioni. Mwalimu mzima wa jiografia, nimempotezea mtoto chuo kwa ujanja wa kwenye simu, halafu nafurahi.

"Dada yangu," nikamwambia yule wakala, "tufanyeje?"

Aliuliza kama tuna barua ya chuo. Binti akaitoa kabla sijafungua mkoba. Dada akaanza kugonga kompyuta, akapiga simu mahali, akangoja, akapiga tena. Tulikaa pale kutoka asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Kumbe mashirika mengine yana nauli ya mwanafunzi ambayo haitokei kwenye simu ya mtu kama mimi. Hutolewa kwa mwenye barua ya chuo, tena huongezewa kilo. Lile shirika la kwanza lilikuwa nayo, na lilishirikiana na jingine lililofika Malaysia. Walikubali kuigeuza tiketi yangu ya India iwe safari moja, Jumatano ile ile, jioni ile ile. Begi litafungwa lebo mpaka mwisho na mtoto atasubiri ndani ya uwanja bila viza yoyote. Faini na kilichopungua nikalipia kwa fedha niliyomwekea binti ya kununulia kompyuta. Alisema atatumia za maktaba. Tiketi yangu ya pili ikafa, na mpaka leo sipendi kuulizwa habari zake.

"Mngekuja kesho," dada akasema huku akichapa karatasi mpya, "hili lisingewezekana. Kubadili kunafungwa siku moja kabla."

Nilishindwa kujizuia. Nililia pale pale kwenye kiti cha wateja, kwa raha, kamasi na kila kitu, na binti yangu akanikumbatia huku anacheka. Ng'onda, dada alisema, aende kwenye begi kubwa, afungwe mifuko mitatu ya plastiki, na aombewe. Hakueleza aombewe nani.

Jumatano aliondoka. Alhamisi akafika, na Ijumaa kabla ya saa sita mchana akanitumia picha ya kitambulisho cha mwanafunzi, amekodoa macho kama aliyeulizwa swali la ghafla. Mimi nilikuwa kwenye basi narudi Tanga. Nikampigia mama, nikamweleza yote: tiketi zisizojuana, viza, yule dada, na jinsi siku zake mbili zilivyotuokoa. Nilimwomba radhi kwa maneno ya siku ile ya nazi. Nilitegemea atambe. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kumsikia akitamba, tena alistahili.

Hakutamba.

"Usinishukuru," akasema. "Zile siku mbili mie sikuziweka kwa ajili ya kheri peke yake. Nilisema, siku mbili ni nyingi, huenda likatokea jambo akarudi. Niliomba mkwame, mwanangu. Niliomba juu ya msala. Jumanne ndipo nikaona haya, nikaomba upya."

Basi lilikuwa limejaa watu na mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa ushungi, sijui nacheka au nalia. Nikamwambia lile la kwa wakala, furaha yangu ile fupi. Nilimwambia yeye wa kwanza.

"Na weye?" akasema. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa. "Ee Mola wangu. Wawili tulimtakia abaki, na mtoto kafika. Alhamdulillahi, Mungu kamnusuru na sisi."