Muda wa Salamu Kabla ya Kuchaji

Jumanne iliyopita asubuhi, huko Matinyani, tulimpoteza mtu pekee niliyemjua ambaye angeweza kukuambia kila tangi la maji kati ya Kibwezi na Zombe hujaa saa ngapi. Alikuwa fundi wa pampu za sola za visima. Moyo wake ulisimama akiwa amevaa kiatu kimoja. Mkewe anasema alikuwa akiharakisha kwenda kutengeneza pampu ya watu. Sijui kama ni vizuri kucheka msibani, lakini sisi tuliomjua tulicheka kidogo, kwa sababu mtu huyo hakuwahi kuharakisha siku nyingine yoyote. Nami nina deni la ukweli kwake, maana wasomaji wa safu hii mnakumbuka kwamba nilimcheka hapa hapa.

Kazi yake ya uzeeni ilikuwa ramani. Kisima cha sola husukuma maji mpaka tangi lijae. Likijaa saa tano, paneli zinaendelea kuchomwa na jua mpaka jioni na umeme wake hauna kazi. Yeye aliona hayo kwa miaka mingi, kisha akaona magari ya umeme yameanza kupita barabara ya Kibwezi kwenda Kitui na kukwama njiani, akaunganisha mambo hayo mawili. Akazunguka Kitui na Makueni na daftari la shule, akiandika nani ana paneli, tangi linajaa saa ngapi, na mbwa ana tabia gani. Baadaye kampuni moja ya Nairobi ikamtuma binti mhandisi aiweke ramani hiyo kwenye simu. Simu isimpeleke dereva kwenye soketi iliyo karibu tu, bali kwenye ile ambayo jua lake limebaki. Mpaka hapo walielewana vizuri.

Ugomvi ulikuwa mstari mmoja. Kila kituo kwenye daftari kilikuwa na maneno "Muda wa salamu", na dakika zake. Binti akayafuta yote.

"Mzee, dereva hapangi safari kwa salamu."

"Anapanga kwa nini basi? Kwa kuiba?"

Nilikuwapo, nikacheka upande wa binti. Wiki hiyo nikaandika kwamba Ukambani tumepata ramani ya kwanza inayojua kunywa chai. Niliona nimesema jambo la maana sana. Lakini kwa mzee haikuwa mzaha. Kampuni ilikuwa imesema wazi kwamba safari ya majaribio ikishindwa, ramani itabaki na vituo vya mjini tu. Na watu wa visima alikuwa amewaahidi yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, nyumba kwa nyumba, kwamba watakuwamo.

Tukatoka Kibwezi asubuhi, binti akiendesha, mimi mbele na mzee nyuma amekunja mikono. "Mimi leo ni mzigo," alisema. "Simu ndiyo inajua njia." Karibu na Mutomo betri ikawa imeshuka sana. Simu ikatuingiza katika boma la mama mmoja mwenye kisima, ikatangaza kwamba tangi limejaa. Kweli lilikuwa limejaa, maji yakimwagika kwa juu. Binti akateremka, akavuta waya, akachomeka. Hakubisha hodi wala kumsalimu mtu.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Na nyinyi! Hiyo gari inanyonya nini hapo kama ndama ameachwa?"

"Tunachaji tu, mama. Ramani inasema una umeme wa ziada."

"Inasema! Na mimi nimesema nini?" Akachomoa waya, akaukunja na kuubana kwapani. Halafu akachungulia kiti cha nyuma. "Hata wewe! Umekunywa chai yangu mara tatu, leo unajificha ndani ya gari kama kuku wa mnada?"

"Sijajificha, mwaitu," mzee akajibu kwa upole, akimwita mama kwa Kikamba. "Nimefutwa."

Ikabidi tukae. Binti aliulizwa kwao ni wapi, akasema Murang'a, akaulizwa kama huko watu hawana mama. Mimi niliulizwa ukoo, ikaonekana shangazi yangu aliolewa jirani, na hapo hewa ikapoa. Chai ikaja. Kabla ya chai yakaja maombi. Mama aliombea betri, akaombea kampuni, akamwombea binti apate mume asiye na haraka. Baada ya Amina akaenda mwenyewe kuchomeka waya, akaufuta vumbi kwanza kwa leso yake.

Mzee akafungua daftari. Paliandikwa: Mutomo, kwa mama: salamu dakika sabini na tano, maombi yamo. Binti akatazama saa. Zilikuwa zimepita dakika themanini.

"Wewe ni mgeni wa mbali," mzee akamwambia. "Hizo tano ni zako."

Simu ilikuwa imepanga tutoke saa nane. Tulitoka saa tisa na dakika ishirini, kama daftari lilivyosema ukiongeza zile tano, tukaingia Kitui jua halijazama. Binti alirudisha ule mstari wa salamu kabla hajashuka garini. Upo mpaka leo, na visima vyote vimo.

Mimi niliishia darasa la nane, sijui programu zinatengenezwaje. Wala siwezi kusema mzee alipatia kila mahali, kwa sababu kuna mtu Zombe ambaye daftari lilimpa dakika tano, na mtu huyo alinishika saa mbili nzima akinisimulia juu ya fahali wake. Lakini nimeona vitu vingi vizuri vikiletwa huku na watu walioandika kila kipimo isipokuwa watu wenyewe, vikafa, kisha tukaambiwa hatupendi maendeleo. Jua ni la Mungu, lakini soketi ina mwenyewe. Ukipanga safari bila kumhesabu mwenyewe, hesabu yako ni pungufu hata kama ni ya kompyuta. Hilo ningeliandika wakati ule badala ya mzaha wangu.

Tulimzika Jumamosi, nyumbani kwake. Watu walipotawanyika niliona pikipiki yangu ya umeme haiwezi kunifikisha nyumbani. Nikafungua ramani, ikanionyesha kituo cha karibu: hapo hapo nilipokuwa nimesimama. Alikuwa ameandika: "Tangi hujaa saa sita. Mbwa ni kelele tu. Salamu dakika kumi, mwenyewe si mtu wa maneno."

Nikaenda kwanza kwa mkewe, aliyekuwa amekaa mlangoni. Tukasalimiana. Akaniambia nichomeke, nikachomeka, nikarudi nikakaa. Akanieleza habari ya kile kiatu, halafu akaanza tena kuanzia siku walipokutana. Jua likahama kutoka kwenye paa la jiko mpaka kwenye boma la mbuzi.

"Pikipiki yako imejaa kitambo," akasema.

"Najua, mama."

Akanimiminia chai nyingine.