Nyanya Zilizoota kwenye Malka

Nyanya ndizo zilizomuumbua Kanze, na hakuna mtu aliyezipanda.

"Mama Gona, njoo uone!" Abdia alimwita huku akicheka. Alikuwa amechuchumaa katikati ya nyasi changa, ameshika mche mdogo kwa vidole viwili. "Hata nyanya zimekuja zenyewe. Hii baraka gani!"

Kanze akasogea, akaona. Akatupa macho mbele kidogo, akaona mche mwingine. Kisha mwingine, na mwingine. Alihesabu hadi kumi na moja akaacha. Nyuma yake, upande wa pili wa ua wa miiba, ng'ombe zaidi ya arobaini wa Mzee Mahadi, mumewe Abdia, walikuwa wakilia kwa njaa. Walikuwa wakimngoja yeye Kanze, kwa mkono wake, atoe miiba waingie.

Sasa, huyu Kanze si mtu wa kuogopa ovyo. Miaka kumi na minane alichoma makaa ya mathenge, ule mti wa miiba, nje ya Garsen, akala moshi hadi macho yakawa mekundu ya kudumu. Kifua kilipomkataa akajiunga na kikundi cha wakulima kilichokuwa kikipika mboji. Na mboji yenyewe, jamani, haikuwa ya majani ya ndizi. Ilikuwa ya tope la choo, lile linaloletwa na lori la kunyonya vyoo vya mjini. Watu walimcheka sokoni, "Kanze wa mavi, hujambo?" Naye akawajibu bila kugeuka, "Sijambo. Ni yenu hayo, mimi nayapika tu."

Na kweli aliyapika. Tope lilianikwa likakauka, likachanganywa na mathenge iliyokatwakatwa na samadi, likarundikwa. Lundo likishika moto wake wenyewe, linakaa siku kumi na tano na kugeuzwa mara tano, ili kila kilicho nje kiingie ndani kikaive. Kisha linapumzishwa miezi. Kanze alivaa buti na glavu, akanywa dawa ya minyoo kila alipoambiwa, na siku moja alirudisha lori zima kwa sababu lilinuka oili ya gereji. Moto aliupima kwa nondo. Unaichoma hadi moyoni mwa lundo, unaiacha, unaichomoa. Ukiweza kuishika, lundo halijaiva.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya kipande hiki cha ardhi, pembeni mwa malka, njia ambayo ng'ombe hupita kwenda kunywa Mto Tana. Kwato na chumvi zilikuwa zimekiua. Ukipiga jembe lilikurudia usoni. Na kwa kuwa hapakuwa na jani, ng'ombe walitupa macho kwenye mashamba, na kila kiangazi wakulima na Waorma wafugaji walifika mahali pa kushikiana fimbo. Kuna miaka walishikiana zaidi ya fimbo, na hakuna anayependa kuitaja. Basi wakapatana: wakulima watakirudishia uhai kipande hiki, wafugaji watangoja nyasi, na hakuna ng'ombe atakayegusa mahindi. Siku ya kufungua ilikuwa leo.

Lakini Ishmael, fundi wa udongo aliyewafundisha, aliwaambia jambo moja ambalo Kanze hakulisahau. Mbegu ya nyanya hupita tumboni mwa mtu ikatoka nzima. Kinachoiua ni moto tu. "Mkiona nyanya zimeota, moto haukufika. Na kama mbegu imepona, basi mayai ya mnyoo tegu pia yamepona." Ng'ombe akiyala pamoja na nyasi, yanakaa kwenye nyama yake. Mtu akiila nyama ile kabla haijaiva vizuri, tegu anaingia tumboni mwake, na mzunguko unaanza upya.

Malundo mawili ya kwanza Ishmael aliyapeleka kupimwa maabara. La tatu alichukua neno la Kanze, maana Kanze hakuwahi kukosea. Na la tatu ndilo lililomwagwa hapa.

Akakumbuka, na kukumbuka kulimchoma. Lundo la tatu lilipoanza kutoa mvuke asubuhi moja, yeye alikuwa peke yake. Mikono iliyochoma makaa miaka kumi na minane haikuuliza mtu. Tanuri la makaa likitoa moshi mahali pasipofaa unaliziba mbio, la sivyo utakuta majivu. Basi akaliziba! Akalipaka udongo wa mfinyanzi pande zote, akalipigapiga kwa sepetu hadi likang'aa. Kesho yake akachoma nondo, akaikuta moto, akajisifu moyoni kwamba ameliokoa. Kumbe moto ule ulikuwa masalia ya jana tu; lile lundo lilitaka hewa, na yeye alikuwa amelikaba roho. Aliambiwa hayo siku ya kwanza kabisa. Kichwa kilisikia, mikono haikusikia.

"Dada, unangoja nini?" Karisa, mdogo wake na mwenyekiti wa kikundi, alikuwa amemfikia. Kanze akamwonyesha mche, akamweleza kwa sauti ya chini. Karisa akageuka rangi.

"Ng'oa," akanong'ona. "Ng'oa hizo nyanya, tufungue. Tegu haonekani leo wala kesho. Lakini ukiwarudisha hawa na njaa hii, watasema tumewachezea. Unajua kitakachofuata. Unakijua kabisa, dada."

Alikijua. Vijana wa Mahadi walikuwa tayari wamesimama, fimbo mabegani, hawacheki tena. Kanze akauinamia mche, akaushika. Kungekuwa na ubaya gani? Kumi na moja tu, na hizo nyingine zisizoonekana. Akawaza wale watoto wa Abdia wanaokula nyama ya sikukuu. Akauachia mche.

Akaenda hadi kwenye mwanya wa ua, akasimama katikati.

"Mzee Mahadi, ng'ombe hawataingia."

Mahadi akaja taratibu, mtu mrefu mkavu, akasimama mbele yake karibu sana.

"Wewe ulisema leo. Sisi tumekuja leo."

"Nilisema. Nimekosea. Mavi haya hayakuiva. Mimi ndiye niliyeharibu, nilizima moto kwa mikono yangu. Nyasi hizi zitaingiza tegu kwenye nyama yako na kwenye matumbo ya watoto wako."

"Au nyasi zimependeza, mnazitaka ziwe zenu?"

Mmoja wa vijana akasema neno kwa Kiorma, wengine wakasogea. Karisa akaanza kusema kuhusu mkutano, kuhusu wiki ijayo, na hakuna aliyemsikiliza. Kanze aliogopa, nisikufiche. Hakuwa na karatasi ya maabara, Ishmael alikuwa mjini Hola, na neno lake lilikuwa limekwisha haribika.

"Ng'ombe wako hawatalala njaa," akasema. "Shamba langu lile pale. Mahindi yameshatoa ndevu. Waingize."

"Dada!" Karisa alipiga kelele. "Una wazimu?"

"Waingize wote, Mzee. Langu mwenyewe, si la mtu mwingine."

Mahadi akalitazama shamba. Ekari moja ya mahindi ya kijani, yaliyobakiza wiki mbili Kanze ayachome auze. Akamtazama Kanze. Kisha akapiga mluzi, na ng'ombe wakageuka.

Waliingia wakavunja. Kanze alijilazimisha kutazama, analia na kufuta machozi kwa ncha ya leso, huku Abdia amemshika mkono. Jioni hapakuwa na bua lililosimama.

Ishmael aliporudi alipima, akakuta ni kweli. Kipande kile kikazungushiwa miiba upya, kipigwe na jua mwaka mzima, asiingie ng'ombe wala asipande mtu mboga. Wapo waliotaka Kanze aondolewe kwenye malundo. Mahadi alikwenda mkutanoni mwenyewe akasema hapana, kama hapimi yeye, asipime mwingine, na akaketi.

Kwa hiyo alianza lundo la nne, la kipande cha upande wa pili. Lilipotoa mvuke mikono ilimwasha vibaya, akaifunga nyuma ya mgongo akaacha litoe. Mahadi alikuja siku ya kumi na mbili na ng'ombe wake, mbavu zinahesabika. Akaishika nondo iliyotoka moyoni mwa lundo, akaruka, akaitupa chini.

"Wallahi, moto! Imeiva?"

Vijana wake walikuwa wanamtazama Kanze, na ng'ombe walikuwa wanalia. Kanze alihesabu siku zilizobaki, na miezi ya kulipumzisha, na miezi ya nyasi kuota.

"Bado," akasema.

Mahadi hakuuliza kwa nini. Akapuliza vidole vyake vilivyoungua, akapiga mluzi, akawageuza ng'ombe wake kwenye njia ndefu ya kwenda malisho ya Wenje.