Saini ya Sultani Aliyeuzuliwa

Mkaza mwanangu akiroweka zafarani, ile harufu ikinifika hujicheka peke yangu. Wajukuu hudhani nazeeka vibaya. Wala, namkumbuka Ami Salim.

Ami alikuwa karani bandarini, nasi tulikaa Likoni, Shika Adabu. Siku zile za vita wenzake walikusanya stempu. Yeye alikusanya saini za wafalme waliouzuliwa. Alikuwa nazo mbili, alizipata kwa abiria wa meli. Ya tatu ilikuwa kwa jirani yetu: sultani wa visiwani, Wazungu walimtoa kitini wakamleta akae nyumba ya bati na kuku wake. Lakini sultani hakutaka hata kumuona karani wa serikali mlangoni kwake.

"Nenda wewe," Ami akaniambia. "Ukiniletea saini, nitakufundisha kuandika jina lako."

Watoto wa kike hatukupelekwa skuli, na jina hilo nililitaka kuliko nguo ya Idi.

Nikampelekea samaki wa kupaka kwenye sahani nyeupe, karatasi nimeishika chini yake. Mchuzi ukamwagika, karatasi ikalowa. Sultani akala, akaosha sahani mwenyewe, akakoroga zafarani kwa maji ya waridi, akaandika humo jina lake na vyeo vyote mpaka ukingoni.

Nikaiweka mezani kumngoja Ami. Nyanya alikuwa na homa siku ya tatu, na kwetu mgonjwa huandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa kwa maji, akayanywa. Ndilo kombe. Akadhani ni lake. Akatia maji, akanywa, akalamba.

Ami akaja, akakaa chini. "Mama, umemnywa sultani."

"Wallahi, mchungu," Nyanya akasema.

Kesho yake homa ikamtoka, akaanza kutuamrisha sote. Mimi nikarudi kwa sultani nikilia.

"Shikamoo. Nyanya amekunywa."

"Marahaba. Hajatapika?"

"Hajatapika."

"Watu wangu walinitapika mwaka wa pili," akasema, akacheka mpaka kuku wakakimbia. "Karani mwambie akaidai kwa mamake."

Nikamweleza na habari ya jina langu. Akaleta sahani nyingine, akanishika mkono, tukaandika: Mwanaisha. Nikikosea alinigombeza, akafuta, akasema, "Andika tena." Adhuhuri ikatukuta pale pale.

Nilidhani namsumbua mtu mkubwa. Nimeshakuwa mtu mzima ndipo nikafahamu kwa nini hakutaka niondoke. Tangu avuliwe kilemba, ni mimi tu niliyeamriwa naye jambo nikalifanya.