Pumzi za Bi Mize wa Kiuyu

Miaka ya hamsini ilikuwa ukingoni, nami nesi mwanafunzi mjini Unguja, nilipoambiwa nimsindikize Pemba Daktari Ingrid. Huyu hakutibu wagonjwa. Alipima wazima: mtu akifanya kazi, moyo wake unakwendaje, anatumia pumzi kiasi gani. Wenzake walikuwa wamepima askari na wachimba migodi, wote wanaume, kisha wakaandika kitabuni kwamba kazi za wanawake ni nyepesi. Yeye hakukubali, na ruhusa yake ilikuwa ya siku tatu tu. Mimi nilifurahi. Nani anakataa kutembea?

Melini alinihadithia kuwa usichanani alipenda kukimbia, mwalimu wake akamkataza, ati moyo wa mwanamke haustahimili.

"Basi ukaacha?" nikamuuliza.

"Nikaenda kuusoma moyo wenyewe," akanijibu, kwa Kiswahili chake cha kujifunza vitabuni.

Asubuhi tulishuka Wete, tukapanda gari mpaka Kiuyu na mizigo yetu: mifuko mikubwa ya mpira ya kukusanyia pumzi, saa, na mashine ya kuzipimia. Mwenyeji wetu alikuwa Bi Mize, mjane mwenye ulimi mkali kuliko wote pwani ile. Nilipomweleza mifuko ni ya nini, alicheka mpaka akakaa chini.

"Lo! Huko Unguja mmekosa vyote, mpaka mje kufuata pumzi zetu?"

Jioni nilijaza fomu. Kila mwanamke niliyemuuliza ana kazi gani alinijibu, "Sina kazi mie, nakaa tu." Nami nikaandika: hana.

Siku ya pili tuliwakuta ufukweni hao wasio na kazi, wamezama matopeni hadi magotini, wanafukua makumbi ya nazi yaliyozikwa miezi na kuyapiga kwa magongo mpaka yatoe usumba wa kusokotea kamba. Daktari akambana pua mwanamke wa kwanza, akamtia mdomoni mpira wa kupitishia pumzi mfukoni, akamwomba apige dakika tano bila kusema neno. Wallahi hapo ndipo tulipokwama. Makumbi yale hupigwa kwa soga na utani, na aliyezibwa mdomo wenzake walimwona riziki. Wakamsema mumewe, wakasema mapishi yake. Dakika moja haikuisha, akauchomoa mpira ili ajibu, na kipimo kikaharibika. Wa pili vivyo hivyo, mpaka wa tano.

Nilicheka hadi machozi, kisha nikamwona Daktari kajiinamia. Meli ilikuwa inaondoka kesho yake. Akirudi mikono mitupu, kile kitabu kitabaki vile vile. Nikamwonea huruma, nikamfuata Bi Mize na kumwambia kilichoandikwa.

"Nyepesi?" akasema. "Kasema nani?"

"Wanaume waliopima wanaume."

Akakaza kanga kiunoni. "Kesho mpira huo nitieni mie."

Siku ya tatu asubuhi, kijiji kizima kilikuja kumwona Bi Mize kanyamaza. Shoga yake, Bi Time, aliyesemwa naye miaka yote, hakuiachia nafasi ile.

"Wali wako wa juzi, Mize, hata kuku waliukimbia!"

Bi Mize akamtolea macho, gongo likaendelea na mwendo wake.

"Na siku ile ulivyoteleza ukaanguka mbele ya mkweo, je?"

Watu wakaangua vicheko. Mimi nimeshika saa, namwomba Mungu. Dakika tano zikatimia, mpira ukatoka, na majibu yote yakatoka nao. Bi Time alitimua mbio.

Daktari akaisoma mashine, akairudia. Kazi ya Bi Mize ilikuwa nzito kuliko ya mahamali wa bandarini aliowapima kabla. Akamkumbatia na tope lake.

"Waandikie hivyo," Bi Mize akasema, huku anahema. "Na waandikie sikusema hata neno. Hilo ndilo lililokuwa zito."

Melini, wakati wa kurudi, nilizitoa fomu, nikakata kila "hana" na kuandika "kupiga makumbi". Niliona haya, na sikumficha Daktari.

Nyumbani nilimkuta mama uani anatwanga mpunga. Nikamwamkia, nikampokea mchi kwa maringo. Hata kinu hakijachangamka, nikawa nahema.

Mama akacheka. "Ebo! Kwani huko Pemba ulikwenda kufanya nini?"

Nilikumbuka fomu yangu ya kuingilia unesi, pale palipoulizwa kazi ya mama. Jumatatu nilikuwa mtu wa kwanza ofisini, kuomba faili langu na kalamu.