Mjapani Aliyemwinamia Babu

Kisa hiki kilianza Jumamosi saa nane na dakika ishirini mchana, likizo ya mwezi wa saba, mwaka 1968. Saa ya mkononi nilikuwa nayo, zawadi ya kufaulu kuingia sekondari, na nilikuwa naitazama kila mara ili nisitazamane na watu. Nina haya sana, siwezi kuficha.

Tulikuwa ndani ya ghala la ngano hapa Karatu. Mjapani mmoja mwenye mvi, mwalimu wa judo huko Arusha, alikuwa amekuja kutufundisha vijana wa likizo. Sakafuni tulitandika mabua ya ngano, juu yake turubai. Wiki nzima ya kwanza alitufundisha kuanguka tu: kidevu kifuani, mkono upige turubai, paa! Wavulana walinung'unika.

"Kuanguka tunajua tangu tuzaliwe!"

Mimi nilifurahi. Ukianguka huhitaji kusema neno.

Basi habari zikafika Olbalbal, kijijini kwa babu, kwamba mjukuu wake wa kike anagaragazwa na Mjapani. Jumamosi hiyo babu, mzazi wa baba, akaja kwa miguu ajionee. Baba akaniambia, "Babu akikubali, endelea. Akikataa, yamekwisha. Usije kunililia mimi."

Babu akaingia na fimbo yake. Mwalimu, kwa desturi ya kwao, akasimama mbele yake, akabana miguu, akainamisha kichwa.

Sasa, kwetu Wamasai mtoto ndiye huinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Babu hakusita. Akaweka kiganja juu ya zile mvi. Mwalimu, kuona heshima imepokelewa, akainama tena. Babu akamgusa tena. Ilipofika mara ya tatu, wavulana wa kijiji cha Endamarariek walikuwa wanatafuna kola za mashati wasicheke.

Babu akanigeukia, akasema Kimasai, "Kichwa cheupe, kumbe bado layoni, hajatiwa hata jandoni! Mtoto mwenzako atakufundisha nini? Chukua viatu vyako twende."

"Babu anasemaje?" mwalimu akaniuliza kwa Kiswahili chake cha polepole.

Ghala zima likanitazama. Mle ndani Kimasai tulikijua mimi na babu tu. Nikatazama saa: saa tisa kasoro dakika kumi. Haikunisaidia kitu. Ningeweza kusema "anakusalimu", nikachukua viatu, na judo ingeishia hapo.

"Anasema... anasema wewe ni mtoto, mwalimu. Shikamoo."

Sijui hiyo shikamoo ilitoka wapi. Watu wakaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka, alingoja. Nikaendelea:

"Kwetu anayeinama ndiye mdogo. Usimwinamie. Mpe mkono. Halafu uniguse mimi kichwani, aone wewe ni mkubwa."

Maneno mengi hivyo sikuwahi kuyasema mbele ya watu. Mwalimu akafurahi mno, akanishukuru. Kwa kuinama! Nikaona kiganja cha babu kimeanza kunyanyuka.

"Mwalimu, usiiname!" nikapiga kelele.

Akanyooka kama askari wa gwaride. Akampa babu mkono, wakashikana kiume. Nikainamisha kichwa, na kiganja kigumu cha mwalimu kikatua utosini pangu taratibu, kama mtu anayechagua boga sokoni.

Babu akamtazama juu hadi chini. "Muulize kama ana watoto."

Wanne, na wajukuu wawili. Nikamweleza babu, uso wake ukalegea.

"Na hao anaowaangusha, huinuka wote?"

"Wote, babu."

"Hebu anguka nikuone."

Nikaanguka, paa! Nikasimama na mabua kwenye nywele. Babu akavuta ugoro kidogo, akapiga chafya, akafuta macho.

"Haya, endelea. Lakini kwa gauni hilo, mjukuu wangu, unaanguka kama mbuzi. Tafuta kitu cha kufunika miguu."

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, nilifumua mifuko miwili ya unga ya amerikani, nikakaa kwenye cherehani ya mama, nikashona suruali. Mguu mmoja ulitoka mrefu kuliko mwenzake. Nikaukunja, nikaivaa suruali yangu, nikatoka nayo hadi barabarani, mbele za watu, mchana kweupe.