Mikono ya Mama

Mama alitoka chumba cha wagonjwa mahututi hawezi hata kusimama, na muuguzi akatuagiza tumtembeze kila siku, kutoka kitandani hadi mlangoni. Asubuhi ya kwanza nyumbani Kariakoo nilimshika mikono nimwinue. Akapiga ukelele: "Usinifunge tena, mwanangu!"

Dada yangu akasema ni maruweruwe ya dawa. "Maruweruwe tu," nikadakia, mnafiki mkubwa mimi! Kule hospitali mama alikuwa anang'ang'ania kuchomoa mpira wa kupumulia, na aliyemfunga mikono kitandani ni mimi, kwa kitambaa nilichochana kwenye gauni la mitumba, biashara tuliyoianza mara tu serikali iliporuhusu nguo hizo kuuzwa. Nilidhani hana fahamu.

Mama alinitazama, kisha akamnyooshea dada mikono.